Kalamu Iliyokwama na Wito wa Pakruok

Ukame wa fasihi ya Afrika Mashariki, ambao Taban lo Liyong aliulalamikia mwaka 1965, umejadiliwa mno kama ukame wa nchi. Makala haya yanashughulikia ukame wa mtu mmoja: mtu mwenye jambo la kusema, mwenye karatasi na kalamu, ambaye hata hivyo haandiki. Hoja yetu ni kwamba dawa yake haimo katika zawadi bali katika kujibiwa, na kwamba watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria wanayo dawa hiyo tangu zamani.

Zawadi hatuibezi. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o alipeleka kwenye mashindano ya shirika hilo hilo mswada uliokuja kuwa The River Between (1965). Hata hivyo, mashindano ya namna hii huita mara moja tu, kisha hunyamaza. Mwandishi hujifungia peke yake akiwawaza waamuzi asiowajua, na kazi yake husomwa ikiwa imekwisha. Aliyekwama kwenye sentensi ya kwanza hasaidiwi na waamuzi wanaoingoja sentensi ya mwisho.

Pakruok ya Waluo ni kitu kingine. Nyatiti inapolia, mtu husimama, hutoa fedha, humnyamazisha mpigaji, kisha hujisifu mwenyewe, au humsifu rafiki, au kwao, kwa lugha ya mafumbo. Akimaliza, muziki huendelea mpaka mwingine atoe chake naye ajibu. Yafaa tuangalie vema jinsi utaratibu huu unavyofanya kazi. Umbo la sifa linajulikana na wote, kwa hiyo msemaji haanzi na utupu. Maneno ya aliyetangulia humpa mada. Na kimya cha nyuzi nane, alichokinunua mwenyewe, hakimpi nafasi ya kuogopa. Tena asemaye vibaya hapotezi kitu ila fedha kidogo na kicheko cha usiku mmoja. Baadaye wanamuziki wa benga waliichukua desturi hii wakaiingiza katika santuri zao.

Kwa Waswahili hili si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga baadhi ya mashairi yake makali kwa kuwajibu washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili, na sidhani kama tungekuwa na beti hizo lau Lamu ingenyamaza.

Tazama sasa insha ya mwanafunzi wa Kisumu. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, amefunzwa kuianza insha kwa jogoo na mapambazuko, kuijaza methali na tashbihi alizokariri, na kuimaliza kabla hajasema lolote. Wako walimu wanaouita huo ufundi. Mimi nauona kuwa ni ukame uliovishwa nguo. Kijana ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu huandika huku akimhisi Mswahili wa Mvita akimchungulia begani, na kila neno asilolisikia kwa watu wa pwani hulificha.

Katika darasa langu nimeujaribu utaratibu wa pakruok kwa maandishi. Mmoja huandika aya moja juu ya kwao, humpa jirani, na jirani hana ruhusa ya kusahihisha. Kazi yake ni kujibu, papo hapo. Aliyeeleza jinsi taa za wavuvi wa omena zinavyoonekana usiku kutoka Dunga alijibiwa na mwenziwe wa Homa Bay kwamba taa hizo ni chache kuliko za kwao. Hakuna aliyesema kwamba omena ni dagaa. Wa tatu akaingiza gugumaji lililoziba njia ya mashua, na kufikia aya ya nane jogoo na mapambazuko yake walikwisha toweka. Makosa ya sarufi yalibaki, tena mengi, lakini sasa mwalimu alikuwa na kitu cha kusahihisha.

Upungufu upo. Pakruok ni fupi na hupenda majivuno. Haimfundishi mtu kubeba kisa kirefu. Kwa hilo yafaa tutazame siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walisikiliza sigana na kutegeana vitendawili. Asenath Bole Odaga aliuita mkusanyo wake wa hadithi wa mwaka 1980 Thu Tinda, maneno ambayo msimulizi wa Kiluo hufungia hadithi yake. Katika siwindhe maneno hayo yalimaliza kisa kimoja, na zamu ikamfikia mwingine.

Liko pia swali la mtihani, ambalo wenzetu wa idara wameliuliza kwa haki: ukurasa wenye mikono minane ni wa nani, na alama apewe nani? Kwa muhula mmoja nimewapa wote alama moja. Waliolalamika ni wale waliozoea kupata alama za juu kwa jogoo.