Mchocheaji na Maji Yake

Kuchemsha kilo moja ya maji ni kazi ndogo. Kuyageuza yote kuwa mvuke hutaka joto zaidi ya mara tano ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi kwenye mchemko. Joto hilo hujificha ndani ya mvuke mpaka uguse kitu baridi na kurudi kuwa maji. Boila ipo ili kuubebesha mvuke mzigo huo.

Katika viwanda vya chai vya Kericho, moto ni wa magogo ya mkaratusi. Miali na moshi hupita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, kisha hutokea kwenye dohani. Mvuke nao huenda kwenye redieta za vikaushio, feni ikapuliza hewa katikati yake, na hewa hiyo ya moto hulikausha jani hadi unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Mvuke wenyewe haugusi chai. Ukishageuka kuwa maji hurudishwa tangini, kwa kuwa ni maji safi ya moto bado, na kuyamwaga ni kumwaga kuni. Hospitali huutumia mvuke kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji. Viwanda vya sukari huupata kwa kuchoma makapi ya miwa yenyewe.

Mgeni akiingia chumba cha boila hutazama geji ya presha. Mchocheaji hodari wa moto hutazama kwanza kioo cha maji, tena hakiamini. Njia ya kioo ikiziba, maji husimama palepale ilhali ndani yanapungua. Kwa hiyo hufungua koki ya chini ya kioo, maji yakashuka, akaifunga na kuangalia yanavyopanda. Yakipanda kwa kusitasita, kuna uchafu. Mabomba yakibaki wazi juu ya maji, chuma hulegea, na hapo kosa kubwa ni kuharakisha kuingiza maji baridi: kinachotakiwa ni kuondoa moto.

Maji yenye chokaa huacha ukoko juu ya mabomba, nao huzuia joto. Ndiyo sababu maji hulainishwa kabla ya kuingia, na tope la chini hutolewa kwa vali kila zamu.

Kuni mbichi hula joto lake kwa kujikausha. Zikiwa kavu na hewa ikitosha, dohani hutoa moshi mwembamba usioonekana vizuri. Moshi mweusi ni kuni zinazopotea hewani. Masizi yanayobaki hukwanguliwa kwa brashi ndefu boila ikishapoa, bomba moja baada ya jingine.