Nguvu, Kani na Msokoto katika Hesabu za Mota

Neno "nguvu" lina kazi nyingi. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, hoja ina nguvu. Upana huo ni utajiri katika utenzi, lakini katika hesabu ni upungufu. Katika karakana za Chang'ombe, upande wa Temeke, na penye mashine za kusaga nafaka za Tandale, upande wa Kinondoni, mota huulizwa nguvu zake, na jibu hutolewa kwa hosipawa. Jibu ni sahihi, walakini halimwambii mwulizaji mota itainua mzigo gani.

Mfano mmoja watosha. Mota ya kilowati 1, yaani hosipawa 1.34, yazunguka mara 1,450 kwa dakika. Kilowati zikizidishwa kwa 9,550, kisha zikagawanywa kwa idadi ya mizunguko hiyo, hupatikana nyutoni-mita 6.6. Shafti ikifungwa gurudumu la kamba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kamba huvutwa kwa nyutoni 66, nazo hazitoshi kuinua kilo 7. Mota hiyo hiyo ikitiwa giaboksi ya kupunguza mwendo mara 30, mvuto hufika karibu nyutoni 1,980, yaani mzigo wa kilo 200. Msuguano ukila asilimia 30, hubaki kilo 140. Nguvu iliyotajwa dukani haikubadilika. Kilichopungua ni mwendo wa kamba, kutoka mita 15 kwa sekunde hadi nusu mita.

Ni dhahiri basi kwamba mambo ni matatu, nayo yataka majina matatu. La kwanza, lile livutalo au lisukumalo, lina jina: "kani", neno la zamani lenye maana ya bidii na ukaidi, ambalo vitabu vya sayansi vya shule za Tanzania vimekwisha kulizoesha. La tatu, yaani kadiri ya kazi itendwayo kwa kila sekunde, yafaa liachiwe "nguvu" peke yake, madhali desturi imeshaamua hivyo katika "nguvu za farasi".

Tatizo ni la pili. Kuliita "nguvu ya kuzungusha" ni kulifanya tawi la nguvu, hali kipimo chake ni kani iliyozidishwa kwa urefu wa mkono wake. "Msokoto" lafaa zaidi. Yaweza kupingwa kwamba msokoto ni wa uzi au wa tumbaku. Lakini asokotaye kamba hutenda kwa vidole tendo lile lile ambalo mota hulitenda kwa shafti.

Wala fikra yenyewe si ngeni pwani. Mabaharia walijua kwamba kamba ikipitishwa katika roda nyingi mzigo huwa mwepesi, na kamba ya kuvuta huwa ndefu. Majina "kapi" na "roda" yamo katika kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, orodha ya istilahi humpa mtu jina bila kumwonyesha jinsi jina hilo linavyoingia katika hesabu. Fundi apandishaye zege ghorofani kwa winchi, na kibarua asimamaye chini ya ndoo, huhitaji yote mawili.