Ramani ya rada ikinyamaza, usidhani mlima umetulia

"Satelaiti inaona hata milimita." Kila rada inaposifiwa kwa kufuatilia maporomoko ya ardhi yanayokwenda polepole, utakutana na sentensi hii. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayomhusu mwenye nyumba mlimani.

Rada inafanyaje kazi? Sentinel-1, kwa mfano, hutuma mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi, hurudi juu ya eneo lile lile baada ya siku kadhaa, kisha tunalinganisha mwangwi wa kwanza na wa pili. Ardhi ikisogea kidogo tu, tofauti inaonekana. Hapo hatuna ugomvi.

Shida ni tatu. Kwanza, rada hupima kusogea kuelekea kwake au kwenda mbali nayo tu. Kwa kuwa satelaiti hizi hupita karibu kaskazini–kusini zikitazama ubavuni, ardhi inayoteleza kuelekea kaskazini au kusini ni vigumu kuiona. Pili, majani ya migomba na vichaka hayatulii, kwa hiyo mwangwi huvurugika; vipimo vizuri hutoka zaidi kwenye nyumba na miamba. Tatu, kati ya picha mbili, tofauti ya mwendo kati ya pikseli jirani ikizidi takriban sentimita 1.4, hesabu inachanganyikiwa. Yaani panapokimbia zaidi ndipo ramani inaweza kubaki tupu!

Sasa fikiria mtu anayetafuta kiwanja Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako mtaa wa Funu umejengwa juu ya poromoko kubwa linaloendelea kusogea. Akiona sehemu isiyo na rangi, ataisoma kama salama. Nani atamlaumu?

Ndiyo maana utafiti wa Antoine Dille na wenzake kuhusu Bukavu, uliotoka Nature Geoscience mwaka 2022, una uzito. Waliunganisha data za satelaiti na picha za ndege, wakapata historia ya miongo saba, wakaonyesha kwamba kupanuka kwa mji kumechangia kuongeza kasi ya poromoko. Rada ya miaka michache isingefika huko peke yake.

Basi ukionyeshwa ramani ya rangi, uliza swali moja: hapa palipo wazi, mmepima mkakuta pametulia, au hamkuweza kupima?