Kati ya Lango na Gwaride

Pale Kenyatta Avenue, katikati ya Nairobi, kuna sanamu za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tunazipita kila siku tukikimbilia matatu. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Kwanza, hakuna jina hata moja la askari lililoandikwa pale. Pili, na hili ndilo limenikaa kichwani, wengi waliochukuliwa walikuwa vijana. Wao wenyewe walikuwa watoto wa mtu. Huyo mtu, mama au baba aliyebaki nyumbani akiangalia njia, sanamu haimtaji kabisa.

Nimeanza na sanamu kwa sababu naona fasihi yetu imeifuata. Tunajua kusimulia mwanajeshi akienda, na tunajua kusimulia habari ya kifo ikifika. Ile miezi ya katikati, mtoto akiwa kambini na mzazi akijifunza kuishi na kitanda kitupu, tunairuka. Na mzazi wa leo anaishi hasa kwenye hiyo miezi.

Chukua Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka 1964. Kitabu kinaanza na mama, Nyokabi, akimuuliza Njoroge kama angependa kwenda shule. Ni mojawapo ya maswali matamu zaidi katika riwaya zetu. Mama huyo maskini anampeleka mwanawe duniani, na sisi tunapewa muda wa kusikia furaha ya mtoto na hesabu za mama. Lakini Nyokabi huyohuyo alikuwa na mwana mwingine, Mwangi, aliyekwenda Vita vya Pili vya Dunia na kufia huko. Siku Mwangi alipoondoka ilikuwaje? Mama alimwambia nini? Hatuambiwi. Kifo chake kinageuka kuni za hasira ya kaka yake, Boro, aliyerudi kutoka vita hivyo akiwa mtu mwingine. Hata mzungu Howlands, mwenye shamba analofanyia kazi Ngotho, amepoteza mwana katika vita hivyohivyo. Wazazi wamejaa kitabuni, ila kuaga kwenyewe hakupo.

Simlaumu Ngũgĩ. Alikuwa anaandika juu ya ardhi iliyoibwa, na hasira ya Boro ndiyo iliyobeba hadithi. Ninachosema ni kwamba kuna aina mbili za kuondoka nyumbani, na moja tu ndiyo imepewa ukurasa.

The River and the Source ya Margaret Ogola, ya 1994, wengi wetu tuliisoma kwa lazima, tukiwinda maudhui na tabia za wahusika ili tupite mtihani. Jaribu kuirudia sasa bila presha. Obura, mwana wa Akoko, anatoroka kwenda kuona dunia ya wazungu, anaishia kuwa askari wao, kisha habari zinakuja kwamba amekufa vitani. Hapa mzazi haulizwi kama amekubali. Ogola anakaribia jambo lenyewe kuliko Ngũgĩ, kwa sababu anaielewa nyumba. Anajua kwamba mtoto akiondoka, kila aliyebaki hupangwa upya. Ila riwaya yake ina haraka ya vizazi, na lazima iende misheni, iende shule, iende mjini. Wanaoondoka kufuata kanisa na masomo tunawafuata hadi huko. Obura tunampata tena kama habari tu.

Sasa lete jambo hili kwetu. Kwa kijana wa leo jeshi ni kazi kwanza, vita baadaye. Usajili wa makurutu ukitangazwa, viwanja hujaa watu alfajiri. Vijana wanakimbia, wanapimwa urefu, wanakaguliwa meno, na wengi wanarudi nyumbani wakiwa na vumbi tu. Kuna wazazi waliouza mifugo wakawapa matapeli pesa, barua ikatokea kuwa bandia. Kwa hivyo mtoto wako akipata barua ya ukweli ya kwenda Eldoret kwa mafunzo, nani atakusikiliza ukisema una huzuni? Huzuni yako itaonekana kama dharau kwa jirani ambaye wake alikataliwa.

Ndugu yangu mdogo alipochukuliwa, mtaa mzima ulimpongeza mamangu. "Mama Kevo, si umeomoka!" Akawa anajibu neno moja: tunashukuru. Wiki za kwanza aliendelea kusonga ugali wa watu wanne na tulikuwa tumebaki watatu. Simu ya Kevo haikuwa inapatikana, na mama alikuwa anaipiga tu, halafu anaweka simu chini na kuuliza kama kuna mtu amelisha kuku. Hakulia mbele yetu. Sidhani alikuwa anajificha. Nadhani hakuwa na sentensi ya kusema, maana zote alizokuwa amewahi kusikia zilikuwa za kushukuru au za kuzika.

Kuna atakayesema natia chumvi, ati mafunzo si vita na mtoto atarudi na buti zinazong'aa. Ni kweli, wengi wanarudi. Lakini tangu Oktoba 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia, hakuna mzazi anayetenganisha hayo mawili kichwani. Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu ilishambuliwa El Adde, na baadaye mwezi huo ibada ya kuwakumbuka ikafanyika Moi Barracks, Eldoret. Ni Eldoret hiyohiyo wazazi wanapokwenda wamevaa nguo za Jumapili kutazama gwaride la kufuzu. Mama anayepiga makofi pale anajua. Hadithi inayompa makofi peke yake inamdanganya, na inayomrukisha moja kwa moja hadi kaburini inamwibia miezi ambayo mtoto wake bado yuko hai.

Sasa tutatoa wapi lugha ya miezi hiyo? Mimi naona mlango mmoja, na ni wa zamani: wasia. Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858, tumezoea kuusoma kama orodha ya maagizo ya mama kwa binti, na wasomaji wengi wa kizazi chetu wanaukimbia kwa sababu ya yale anayosema kuhusu mume. Mimi pia hayo siyanunui. Lakini angalia mpangilio wake. Kabla ya kushauri, mama anamwita binti akae karibu na wino na karatasi, na anamwambia kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa, ameugua muda mrefu. Anasema hali yake kwanza, ushauri unafuata. Mtoto anapokea maagizo akijua yametoka kwa mwili unaouma.

Wazazi wetu kwenye lango la kambi hufanya nusu ya pili tu. Utii wakubwa, usisahau kuomba, usitufedheheshe. Ile nusu ya kwanza, yaani mimi hapa naogopa na nyumba itakuwa kimya bila wewe, inamezwa. Na waandishi tumeiacha imezwe.

Kwa hivyo naomba kitu kidogo kwa wanaoandika sasa. Tuandikieni riwaya fupi, hata hadithi ya kurasa kumi, ambayo haina bunduki hata moja. Iwe na mama anayejifunza kupunguza unga, baba anayejifanya anafuatilia habari za saa tatu kwa sababu ya siasa, dada aliyehamia kitanda cha kaka na anaona haya kufurahia nafasi. Iishe kabla ya gwaride. Kitabu hakitamrudisha mtoto mapema, hilo liko wazi. Ila mtu akimuuliza mama huyo anaendeleaje, anaweza kuwa na jibu la pili baada ya "tunashukuru", na asionekane hana shukrani.