Askari wa Risasi na Mpagazi Wake

Katika idara zetu za fasihi tumezoea kuhakiki vitu vyenye kurasa: riwaya, diwani, tamthilia, na mtu akiwa na ujasiri kidogo, maneno ya kanga. Leo naomba wahakiki wenzangu mniruhusu nihakiki kitu chenye kimo cha milimita 28, yaani kama kiungo kimoja cha kidole gumba. Ni sanamu ya askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani, iliyochongwa Uingereza, ikamiminwa kwa madini laini, ikapakwa rangi kwa mkono, ili isimamishwe juu ya meza na kupigana upya Vita vya Kwanza vya Dunia hapa kwetu. Nikisema "kwetu" sitanii. Mimi ni mtu wa Biharamulo.

Najua wapo watakaoguna: huyu naye kaishiwa vitabu? Lakini tufuate kanuni tuliyofundishwa tangu semina ya kwanza, kwamba kazi yoyote ya sanaa ni zao la jamii fulani, ina fani na maudhui, na ina msimamo wa msanii hata pale msanii mwenyewe anapokana kuwa nao. Sasa, je, sanamu hii haina fani? Ina fani mpaka basi.

Historia ya mchezo wenyewe nitaipitia haraka. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Reisswitz, aliwasilisha jeshini mchezo wa vita wa kufundishia maofisa. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kumimina askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. (Angalia Kiswahili kinavyofanya vituko: risasi ni madini, na risasi ndiyo inayoua.) Mwaka 1913 mwandishi H.G. Wells, yule yule wa riwaya za sayansi, alitoa kitabu cha kanuni za vita vya sakafuni kiitwacho Little Wars. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza. Baadaye wachezaji wa Uingereza na Marekani walizipenda sana vita za kikoloni. Larry Brom wa Marekani alitoa kanuni zake mwaka 1979, na katika miaka ya 1990 Mark Copplestone aliichongea kampuni ya Wargames Foundry mfululizo mzima wa sanamu za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Jina la mfululizo huo ukilifasiri ni Afrika yenye giza kuliko zote. Mtu anakesha na brashi yenye unywele mmoja akipaka rangi mahali anapopaita pa giza! Haya, tuendelee.

Tuitazame kazi ya brashi. Fundi hutangulia na rangi ya msingi, nyeusi au ya kijivu, ili rangi nyingine zishike. Kisha kaki ya sare. Kisha humimina rangi nyepesi kama maji machafu, ijikusanye kwenye mikunjo ya nguo na kufanya vivuli. Mwisho huchukua kaki iliyochanganywa na nyeupe na kugusa mabega, magoti na kingo za shanta, mahali ambapo jua lingepiga. Tarbushi ya askari huyu imevalishwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kufunika shingo, na mbele yake pana tai wa chuma, ambaye kwa kimo hiki ni nukta tu. Vitambaa alivyozungushia miguuni kutoka kifundo hadi chini ya goti vinapakwa buluu iliyoiva. Bunduki nayo ina suala lake, maana kwa kampuni nyingi za askari hao vita vilianza na bunduki ya mtindo wa mwaka 1871, ambayo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumuumbua mpigaji. Fundi makini anajua yote haya. Tena mafundi makini hawapaki kikosi kizima kaki moja, kwa kuwa wanajua kwamba kufikia mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimefunga njia ya bahari na sare mpya hazikupatikana kirahisi.

Hapa lazima tuwe wakweli. Kuhusu nguo za babu zetu waliokuwa askari, hawa jamaa wanajua kutuzidi. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hata anayetoka Ngara au Biharamulo, miguu ya askari wa Mjerumani ilifungwa vitambaa vya rangi gani, uone atakavyokukodolea macho.

Tatizo linaanza juu ya ukosi. Kwenye uso, utafiti wote ule unakoma ghafla. Kikosi cha askari 12 kina kahawia iliyokoza 12 na kahawia nyepesi 12 puani na mashavuni, mchanganyiko ule ule kutoka kichupa kile kile. Mnyamwezi, Msukuma, Mmanyema, Msudani aliyeletwa tangu enzi za Wissmann, wote ngozi moja. Ofisa wa Kizungu aliyesimama nao hupewa masharubu yake, wekundu wa jua na pengine jina kwenye kitako. Katika darasa la nadharia tunagawa wahusika kuwa duara na bapa. Basi huyu ni mhusika wa ajabu: unaweza kumzungusha pande zote ukamtazama kisogo, na bado ni bapa. Mafundi wa zamani wa Nuremberg, waliomimina askari wa bati wembamba kama sarafu, angalau hawakuficha ubapa wao.

Hata hivyo sitaki kuishia kwenye uso. Uso ni hoja rahisi, na fundi mwenye moyo anaweza kuirekebisha kwa vichupa vinne vya rangi. Hoja yangu iko kwenye hesabu ya mchezo, na ili niieleze inabidi nirudi Biharamulo.

Mwezi Juni 1916 vikosi vya Wabelgiji chini ya Kanali Molitor, vilivyokuwa vimeshika Kigali mwezi mmoja kabla, vilivuka Kagera na kuliteka boma la Biharamulo, ambalo Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20 na ambalo kuta zake zimesimama hadi leo. Septemba 19 mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Nimesema Wabelgiji kwa mazoea ya vitabu. Maofisa ndio waliokuwa Wabelgiji. Waliopiga risasi walikuwa Wakongo wa Force Publique, na waliopigwa wengi walikuwa askari wa Afrika ya Mashariki. Ukiwa mpaka rangi hili ni tatizo la kiufundi: majeshi mawili ya watu weusi katika kaki, utayatofautishaje mezani kutoka umbali wa hatua mbili? Kofia, basi.

Nyuma ya kofia hizo kulikuwa na watu wengi zaidi wasio na kofia. Ndorobo walimaliza farasi na ng'ombe wa kukokota. Pori la Biharamulo, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, lilikuwa na sifa mbaya kwa hilo. Kwa hiyo mizigo ilipanda vichwani. Upande wa Waingereza peke yake, katika vita nzima ya Afrika ya Mashariki, wapagazi walipita milioni 1, na waliokufa, kwa hesabu za serikali yenyewe, wanakaribia 100,000, hesabu ambayo wanahistoria wengi wanaiona pungufu. Wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza tunalitamka kila tunapokwenda kununua viatu vya mtumba: Kariakoo.

Sasa, mchezaji atanijibu kwamba wapagazi wapo. Ni kweli, katika mfululizo ule wa Copplestone wamo, na wamechongwa vizuri, shingo zimekaza chini ya masanduku. Lakini hebu tuulize swali la mhakiki: mhusika huyu anatenda nini? Mezani mpagazi ndiye mzigo wenyewe. Analindwa kama sanduku, anatekwa kama sanduku, anahesabiwa pointi kama sanduku. Kanuni zina ukurasa wa shabaha na ukurasa wa woga, dadu zinaamua nani akimbie. Zamu hupita baada ya zamu, na hakuna anayekula. Hapo ndipo palipo na msimamo wa msanii. Kila kitufe kimesemwa kweli, na jinsi vita ilivyoendeshwa imekaa kimya.

Tusiwaonee Wazungu wa mezani peke yao. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowakumbuka pia wapagazi, lakini shaba yote imekwenda kwa mtu mmoja mwenye bunduki na singe. Ile ya Nairobi, ya 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mahali iliposimama yetu palikuwa kwanza na sanamu ya Hermann von Wissmann mwenyewe, na askari wa Kiafrika chini yake akimtazama juu. Waingereza waliing'oa, ikaishia Chuo Kikuu cha Hamburg, na ni wanafunzi wa huko walioiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Wanafunzi, siyo maprofesa. Naacha hapo.

Na sisi wenyewe? Tulipokuwa wadogo kijijini tulikata mabua ya mgomba, tukachanja vijilimi, tukivipiga kwa kiganja vinalia pa-pa-pa-pa. Kila mtoto alikuwa na bunduki. Sikumbuki mtoto aliyeomba kubeba mzigo. Ngoma ya beni nayo, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, iligawa vyeo vya kijeshi, sare na kwata, na cheo cha mpagazi hakikugombewa. Mwenzangu mmoja wa hosteli alinibana kwa hoja hii: kama hata anayeonewa akicheza huchagua bunduki, kwa nini umlaumu wa Uingereza? Namjibu kwamba mcheza beni aliijua njaa ya mpagazi; alipovaa sare alikuwa anaikimbia, na watazamaji wake walijua anachokikimbia. Wa mezani hana cha kukimbia. Kitendo kimoja, maudhui mawili.

Katika fasihi andishi yupo aliyeona mlango huu wa bunduki na mzigo vizuri kuliko wengi, naye ni Abdulrazak Gurnah. Riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inamwacha Yusuf akikimbilia msafara wa Wajerumani uliotoka kukamata watu kwa nguvu. Na ile ya 2020, Afterlives, inamfuata kijana Hamza aliyejiandikisha askari kwa hiari. Gurnah haelezi sana vifungo vya sare. Anaeleza kinachomfanya kijana aone sare ni mahali salama kuliko nje yake. Hiyo ndiyo rangi inayokosekana kwenye kisanduku.

Kuna meza nyingine ambayo wachezaji hawaijui, ile ya mwaka 1919 ambapo Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waligawana ardhi. Gisaka ilirudi Rwanda baada ya miaka michache; Bugufi haikurudi Burundi, na ndiyo maana Mhangaza wa Ngara leo ni Mtanzania. Pale hapakuwa na dadu.

Sidai sanamu hizi zichomwe. Ningeomba kanuni moja tu iongezwe: kila zamu, mpagazi ale. Nimeijaribu kwa kalamu. Kigali hadi Biharamulo kwa mguu tuseme kilomita 200, siku 10 kwa mwendo wa mzigo. Mpagazi abebe kilo 25 za chakula, ale kilo 1 kwa siku, na awekewe kilo 10 za kurudia. Anafika bomani na kilo 5 za kumpa askari, na hapo hakuna aliyeugua wala aliyetoroka usiku. Jeshi halikuishia Biharamulo, lilikwenda hadi Tabora. Chakula kingine lilikipata migombani mwa watu.