Sifa za Mshika Mfuko

Kila kundi la marafiki linalosafiri kwa kuchangishana lina mtu mmoja ambaye haonekani vizuri pichani. Wenzake wamesimama majini hadi magotini, wameshikana mabega, nyuma yao tanga; yeye yuko pembeni, simu sikioni, anahakikisha kwa mwenye gesti kwamba vyumba ni viwili, feni inazunguka, na bei ni ileile waliyokubaliana juzi. Huyo ndiye mshika mfuko. Ninataka kumsifu, maana nimekula jasho lake Kilwa, Unguja, Lamu na Mombasa, na sijaona anayemwandikia hata mstari.

Ufundi wake hauanzii safarini. Mtu aliyewahi kuwa mhazini wa kamati ya harusi, akazungusha kadi za mchango kazini, msikitini na mtaani, tayari ni nusu ya mshika mfuko. Anajua kwamba ahadi si fedha. Anamjua atakayetoa siku ya kwanza, atakayesema "ngoja mwisho wa mwezi", na atakayetuma nusu kisha akazima simu. Kwa hiyo fedha anazikusanya mapema, kwa simu, kiasi sawa kwa wote, na anayesema "nitakulipa tukifika" hujibiwa kwa upole kabisa: basi ukifika utatukuta.

Mfuko ukishajaa unalipa nauli, malazi, chombo cha baharini, na milo ya pamoja. Soda, bia, vocha na kanga ya kumpelekea mama, kila mtu atajua mwenyewe. Na ndani ya mfuko hakuna anayehesabiwa tonge. Mmoja atakula chapati tatu, mwingine moja na nusu, na mshika mfuko atatazama baharini kama hakuona. Siku hizi kuna programu za simu zinazogawa bili mpaka shilingi ya mwisho: fulani kanywa chai ya rangi, fulani ya maziwa. Sizipendi. Zinawageuza marafiki kuwa wadeni na wadai kabla hata chai haijapoa.

Pwani hii iliujua utaratibu wa namna hiyo zamani sana. Mabaharia wa majahazi ya Ghuba hawakuwa watu wa mshahara, walikuwa watu wa mafungu. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi katika msimu wa 1938 na 1939, akashuka nalo hadi Zanzibar na kwenye delta ya Rufiji walikofuata boriti za mikoko. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940, na ndani yake anaeleza hesabu ilivyokuwa: kwenye mapato ya safari hutolewa kwanza gharama ya chakula cha wote, kinachobaki hugawanywa, fungu la chombo na mafungu ya watu. Sinia moja kwanza, hesabu baadaye. Mshika mfuko wetu hajawahi kumsoma Villiers, lakini hivyo ndivyo anavyofanya.

Sasa, kwa nini marafiki? Kwa sababu baharini bei ni ya chombo, si ya kichwa. Dau la kukodi kwenda kisiwani linalipiwa kiasi kilekile, mkiwa wawili au mkiwa sita. Msafiri wa peke yake hulipia ubao alioukalia na mbao nyingine tano tupu zilizomzunguka. Nchi kavu mambo hubadilika: bajaji inachukua watatu, teksi wanne, chumba wawili. Ndiyo maana mshika mfuko mzoefu akisikia mnataka kwenda saba hukunja uso. Saba ni bajaji mbili na mtu anayening'inia, vyumba vitatu na mtu wa kwenye mkeka. Sita ni idadi nzuri kuliko zote: bajaji mbili zimejaa, vyumba vitatu vimejaa, dau halijazidiwa. Watu hudhani urafiki ndio unaopanga nani aje. Mara nyingi ni bajaji.

Kingine kinachomtofautisha na mbahili wa kawaida ni kalenda. Anazo mbili, ya mshahara na ya mwezi mwandamo, na ya pili ndiyo anayoitazama zaidi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana, kisha yanakupwa sana. Ukifika Paje au Jambiani, Unguja, bamvua limekupwa, bahari uliyoilipia nauli imekwenda zake kule kwenye mwamba, na unachokiona mbele yako ni mchanga, vidimbwi, na akina mama kwenye mashamba ya mwani. Ni mandhari nzuri sana kwa anayejua anakuja kuiona. Aliyekuja kuogelea atanuna mpaka jioni. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali hivyo, waogaji wanaoga karibu saa zote. Kuyajua haya hakugharimu kitu, ila kumuuliza mvuvi yeyote. Vivyo hivyo kwa papa potwe wa Mafia, ambao hukaribia Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi. Ukienda Julai utawaona kwenye bango tu.

Masika ni mtego. Aprili na Mei bei za malazi Unguja zinashuka, hoteli nyingine zinafunga kabisa, na asiyejua huona amepata bahati. Halafu mvua inamfungia ndani siku zote alizolipia. Kusi nayo, katikati ya mwaka, ina baridi nzuri na anga safi, lakini inavuruga bahari; kuvuka kwenda Mafia wakati huo kuna watu hawajakusahau. Nikiulizwa, nasema Septemba na Oktoba: kusi imelegea, kaskazi haijaanza, na msongamano wa Desemba bado.

Kilwa ndiko nilikoona ufundi huu ukifanya kazi barabara. Ni kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, mabasi yanaondokea Mbagala. Zamani abiria walikwama kwenye pantoni ya Rufiji, mvua zikizidi wanalala hukohuko. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 unavuka mto huku unasinzia. Ukikosa basi la moja kwa moja unashuka Nangurukuru na kupanda gari dogo hadi Kilwa Masoko. Gesti ya Masoko ni chumba, neti, ndoo ya maji, na bei ambayo mtu wa Dar huirudia mara mbili akidhani amesikia vibaya. Asubuhi unalipia kibali cha kuingia kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, kwa raia ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni kutoka nje, kisha unateremka pwani. Hapo mshika mfuko ndiye husema, wengine hunyamaza.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba. Wangapi?"

"Sita. Tunakwenda Kisiwani na kurudi."

"Mashine au tanga?"

"Tanga, kama upepo upo."

"Upo. Kurudi ndiyo mtangoja."

"Na tukichelewa kule, unatuongezea bei?"

"Niwaongezee nini? Mimi nakaa Kisiwani."

Katika maneno hayo machache, nusu ya gharama imeshaanguka. Mashine inakula mafuta, tanga halili kitu. Nahodha ambaye kwake ni kulekule ng'ambo hapotezi siku kwa kuwangoja. Lakini angalia kilichofanyika kabla ya bei: salamu, idadi, mwendo. Anayeanza na "bei gani?" hutajiwa bei ya mtu anayeanza na "bei gani".

Mlango wa bahari pale ni kama kilomita mbili. Ng'ambo kuna mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita mikononi mwa masultani wake. Msikiti Mkuu umesimama na kuba zake. Gereza liko ufukweni, Wareno walilianza mwaka 1505 na Waomani wakalijenga upya baadaye. Mbele zaidi, juu ya genge, Husuni Kubwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na birika lake la pembe nane ambalo sasa lina majani badala ya maji. UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yakawa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mji huo ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Tano kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hakuna mwenye hakika zilifikaje. Mshika mfuko wetu aliposimuliwa hayo alisema jambo moja tu: kuna mtu aliangusha mchango wa wenzake.

Kisiwani hakuna mkahawa wa kukungoja. Chakula unaagiza asubuhi, kupitia kwa nahodha, na mama mmoja wa kijijini anawapikia wali wa nazi na samaki wa siku hiyo. Mnakula kwenye mkeka kwake, mnalipa mkononi. Hapa ndipo ninapotaka kumtenga mshika mfuko hodari na yule anayejisifu kwa kupunja. Kuna vijana husimulia kwa furaha jinsi walivyomshusha mvuvi mpaka akakubali bei ya hasara kwa kuwa siku ilikuwa imeharibika. Huo si ufundi. Safari iliyokuwa rahisi kwako kwa sababu mwingine ameilipia haikuwa rahisi, umehamisha tu deni. Mshika mfuko ninayemsifu hupatana mara moja, hapatani tena mkifika ng'ambo, na hubana kwingine: kwenye chumba cha kuona bahari ambacho hakuna atakayekaa ndani yake kuiona, kwenye teksi ya mita mia tano, kwenye maji ya chupa yaliyonunuliwa hotelini.

Na pako mahali ambapo habani kabisa. Chombo kikijaa kupita kiasi, hapandi, hata kama nauli imeshalipwa na hairudishwi. Chombo kisicho na majaketi ya kuokolea, hapandi. Waliokuwa watu wazima mwaka 2011 wanaikumbuka MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba kati ya Unguja na Pemba ikiwa imezidisha abiria, na mwaka uliofuata, Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Kwenye mambo haya wenzake humwita mwoga. Anavumilia.

Mijini ufundi ni mdogo zaidi, au niseme ni wa miguu zaidi. Nauli ya boti ya kutoka Dar kwenda Unguja haina mapatano. Unatoa kitambulisho, unalipa bei ya mkazi, baada ya saa mbili hivi uko Malindi ya Unguja. Unafuu unaanza baada ya hapo. Gari namba 116 inakwenda Nungwi, 309 inakwenda Jambiani, na ndani yake utakaa na ndoo za samaki, wanafunzi, na bibi atakayekuuliza mtoto wa nani. Forodhani usiku ni pazuri, bustani ni ya bure na vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani jioni hawatozi kiingilio, lakini zile sinia za kamba na pweza zilizopangwa chini ya taa zimepangiwa mgeni. Kula urojo, kunywa juisi ya miwa, kisha ukashibie Darajani wanakokula madereva.

Mombasa, atokaye Nairobi hupanda treni. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, na aliyeona dirishani tembo wa Tsavo hatalalamika. Atokaye kwetu hupita Horohoro na basi. Feri ya Likoni haimtozi aendaye kwa miguu hata senti, wakati pantoni yetu ya Kigamboni inachukua shilingi 200 zake. Mshika mfuko mmoja aliivuka Likoni mara mbili, kwenda na kurudi, kwa raha tu ya kutolipa. Lamu sina la kusema sana: ukishangoja boti ya Mokowe ijae, ukavuka, hakuna magari ya kukulia nauli. Kuna vichochoro, punda, na mwendo wa mguu hadi Shela kando ya maji. Mji wenyewe umeshakubania.

Mwisho wa safari, kabla basi halijafika, mshika mfuko hufungua daftari na kusoma: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Husoma kwa sauti hata kama nusu ya watu wamelala. Kilichobaki hakigawanywi, kinakaa kuwa mbegu ya safari nyingine, na hiyo ndiyo sababu safari nyingine huwapo.

Nina ombi kwa wanaojipanga sasa hivi kwenda popote, Kilwa, Pemba au Mbudya ya kutwa moja. Chagueni mshika mfuko kabla hamjachagua tarehe. Mpeni fedha zenu zote siku aliyoitaja. Akisema chombo hiki hatupandi, msipande. Na baada ya safari mbili mpumzisheni, daftari lishikwe na mwingine, naye ale chapati zake bila kujua zimegharimu kiasi gani.