Tamko linaona ukuta wa shule, halioni buletini ya mtoto



Wiki hii nilisoma tena Tamko la Shule Salama, polepole, kalamu mkononi, sawa vile tulifundishwa kusoma maandiko ku chuo. Si ndefu. Lilifunguliwa Oslo mwezi wa tano 2015, na Congo yetu ililiunga mkono mwaka 2016. Kila tarehe 9 Septemba, siku ya kulinda elimu isishambuliwe, utasikia watu wanalisifu ku radio. Mimi pia nalisifu, lakini nusu. Acha niseme juu ya nini.

Kwanza tulipe haki yake. Sisi wa Kivu tunajua darasa ambamo askari wamelala: madawati yamekuwa kuni, ubao umetobolewa, choo kimejaa. Tulizoea kusema eti ni vita, tutafanya nini. Tamko, pamoja na Miongozo yake, linakataa hiyo. Shule inayofanya kazi isitumiwe na wapiganaji hata kidogo. Hata ile iliyoachwa juu watu wamekimbia, isiguswe isipokuwa pale hakuna njia ingine kabisa. Na Miongozo haisemi na majeshi ya serikali peke yake, inasema na vikundi vya silaha pia. Si sheria ya kumfunga mtu, ni ahadi tu. Lakini ahadi iliyoandikwa, unaweza kumwonyesha komanda.

Sasa kasoro. Tamko linawaza adui mmoja tu wa shule: mtu mwenye bunduki. Mwalimu anatajwa pale anaposhambuliwa. Anapokosa mshahara, hatajwi. Shule inatajwa pale inapopigwa bomu. Inapojaa mama na watoto waliokimbia, wanaolala mu darasa juu hawana pengine, kimya. Pale hakuna mwenye kosa, lakini masomo yamesimama vilevile. Na kuhusu masomo kuendelea wakati wa vita, kuna ahadi moja tu, na kitendo chake ni «kutafuta» kuhakikisha. Anayeahidi kutafuta, akikosa hajavunja ahadi.

Mniruhusu mfano wa nyumbani. Mwezi wa kwanza 2023, mtoto wa dada yangu alikuwa mu ya nne primaire, Kitshanga. Vita ikafika, wakakimbia hadi Goma, wakapewa nafasi ya kupiga shitingi mu kambi ya Bulengo. Septemba dada akampeleka ku shule ya karibu. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alisema tu: «Mama, sina kitu cha kunionyesha huyu alifika wapi. Lete buletini, ao arudie ya tatu.» Buletini ilibaki Kitshanga. Akarudia ya tatu.

Mwaka uliofuata akapanda ya nne. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ikaingia Goma. Mwezi wa pili kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Dada akarudi na sufuria mbili na watoto. Ile kartasi ndogo ya periode ya kwanza ikapotelea njiani. Septemba 2025 mtoto akaanza ya nne tena. Hesabuni wenyewe: ameanza ya nne mara 3. Ana miaka 13 na anakaa na wa miaka 9. Hakuna askari aliyelala mu darasa lake. Kwa kipimo cha Tamko, shule zote alizopitia zilikuwa salama. Siku moja aliniuliza: «Mujomba, mimi ni mujinga?» Sikupata jibu la haraka.

Mtu atasema: hiyo si kazi ya Tamko, lilikusudiwa kwa wanajeshi. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki litupwe. Lakini kuna maandishi mengine, Vipimo vya Chini vya mtandao wa INEE, yaliyotoka 2004 na kurekebishwa 2010 na 2024. Yale yanasema wazi kwamba kukosa kartasi kusimzuie mtoto kuingia shuleni, na kwamba mwalimu alipwe inavyofaa. Shida ni kwamba Tamko ndilo linalobebwa mbele ya kamera. Vipimo vinabaki mu kompyuta za mashirika. Mkuu wa shule wa dada yangu alikuwa hajawahi kuvisikia.

Tusimcheke mzungu peke yake. Tuangalie kwetu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure mu shule za Serikali. Mzuri. Lakini soma kifungu cha 61, kile kinachotaja haki zisizoguswa hata wakati wa hali ya dharura ao hali ya kuzingirwa. Uhai umo, kutoteswa kumo, hata kutofungwa juu ya deni kumo. Elimu haimo. Na Kivu Kaskazini na Ituri ziko mu hali ya kuzingirwa tangu mwezi wa tano 2021. Mtoto aliyeanza primaire mwaka ule hajasoma hata siku moja mu hali ya kawaida.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2025 benki zilifungwa Goma, mwalimu akawa anaangalia simu yake bure. Lakini Exetat ilifanyika, Goma na Bukavu pia. Bahasha za mitihani zilitoka Kinshasa zikavuka mistari ya vita. Kumbe kartasi inaweza kuvuka pale watu wanataka. Ilivuka kwa ajili ya finalisti. Wa ya nne primaire, nani alimvushia yake?

Kwa hiyo, wenzangu, mbele ya kungoja Tamko lingine, sisi tufanye mbili. Moja: kati yetu wako walimu, wakuu wa shule, wakaguzi. Kila mwisho wa periode, piga picha ya palmarès, kurasa zote, na tuma kwa mtu mmoja wa kuaminika anayeishi mji mwingine. Zisitembezwe mu magrupu, ni majina ya watoto. Pili: mtoto akifika bila buletini, mpe mtihani mdogo, kusoma na hesabu, saa mbili tu zinatosha. Umweke pale akili yake imefika. Kartasi itafuata.

Mtoto wa dada yangu nilimpima mimi mwenyewe likizo iliyopita, na kitabu cha ya sita. Alisoma bila kukwama. Hesabu za sehemu zilimshinda kidogo, lakini hata mimi zilinisumbua umri ule. Nilimwandikia mkuu wake mpya barua ya ukurasa mmoja. Bado hajajibu. Jumatatu nitaenda mwenyewe.